i7 kwenye Dell ya 2013: kasi utaipata, LUKU usiitegemee

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Dell OptiPlex 9020, ile ndogo ya kulala, niliinunua mtumba Kariakoo. Ina prosesa ya i3-4130 na ramu ya 8GB, na mwaka jana niliiwekea diski ya SSD ikawa nyepesi sana. Sasa nimeanza kuediti video za sendoff na mahafali hapa nyumbani Morogoro, na hapo ndipo inaponitesa. Klipu ya dakika kumi inaweza kuchukua saa nzima kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, feni inalia kama jenereta, na nikiburuta ule mstari wa kuangalia video picha inaganda. Fundi wa mtaani kwetu anasema niweke i7 yoyote. Anayo moja ya laki na nusu, na anasema itakula umeme kidogo kuliko i3. Ni kweli? Halafu naona kuna 4790, 4790S, 4790T mpaka 4790K, sielewi nichukue ipi.

JIBU: Dada, kwa kazi hiyo unayoifanya, weka i7. Nasema hivyo bila kusita, na si kawaida yangu, maana watu kumi wakiniuliza habari ya kubadilisha prosesa, nane nawaambia waache hela yao mfukoni wakanunue SSD. Wewe SSD unayo, na kazi yako ni ya aina inayotafuna prosesa kweli. Lakini hilo neno "yoyote" la fundi wako lifute, na habari ya umeme ina ukweli nusu tu. Nitaifikia.

Kwanza hakikisha anayekukwamisha ni prosesa. Anza kurenda klipu moja, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji. Angalia michoro mitatu: prosesa, ramu na diski. Prosesa ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku ramu iko chini ya 80 na diski inacheza chini kabisa, basi vingine vyote vinamsubiri yeye. Ikiwa ramu ndiyo iko 95, hela yako ya kwanza iende kwenye ramu. Prosesa hata ikiwa ya aina gani haiwezi kufanyia kazi kitu kilichokosa pa kukaa.

Hilo la picha kuganda ukiburuta mstari linanitia shaka na kitu kingine, na dawa yake ni bure. Video unazoediti zinatoka wapi? Kama ni simu, uwezekano mkubwa zimerekodiwa kwa mfumo wa H.265, ambao kwenye mipangilio ya simu huitwa HEVC. iPhone zinautumia tangu 2017, na simu nyingi za Android nazo zinao. Mfumo huu unabana video ikawa ndogo sana, lakini kuifungua tena ni kazi nzito. Prosesa mpya zina sehemu maalumu ndani yake ya kuifungua bila kusumbua viini, yaani zile sehemu za prosesa zinazopiga kazi yenyewe. Kwa Intel sehemu hiyo ilikamilika kuanzia kizazi cha 6, na ikaja kushika hata H.265 ya biti 10 kwenye kizazi cha 7. Yako ni kizazi cha 4. Kwa hiyo kila fremu unayoiona inafunguliwa kwa nguvu za viini vyenyewe, na i3 yako ina viini viwili tu.

Nenda kwenye mipangilio ya kamera ya simu, sehemu ya muundo wa video, uchague ule unaofunguka kwenye vifaa vingi, yaani H.264. Faili zitakuwa kubwa zaidi, ila mashine yako ina sehemu maalumu ya kufungua H.264, tena inayo hata sasa kwenye hiyo i3. Angalia pia kwenye programu yako ya kueditia kama kuna mahali pa kuruhusu Intel Quick Sync, ndilo jina la hiyo sehemu maalumu. Ikiwepo, iwashe, halafu urende klipu ile ile ukiwa na saa mkononi. Nimewahi kuona mtu akipunguza muda kwa zaidi ya nusu bila kufungua hata skrubu moja. Ubora wa picha kwa njia hiyo, kwa prosesa za enzi hizo, unashuka kidogo, kwa hiyo ongeza kidogo kiwango cha biti kwa sekunde, hakuna bibi harusi atakayeona tofauti.

Ukishafanya hivyo na bado hujaridhika, sasa tuingie kwenye i7.

Mazabodi ya 9020, yaani ile bodi kuu, ina soketi (kiti cha prosesa) ya aina ya LGA1150. Jina "i7" limetumika kwa prosesa za vizazi vingi ambavyo havishirikiani soketi. i7-2600 na i7-3770 ni za LGA1155, i7-6700 ni ya LGA1151. Zote zinafanana kwa macho, ni kipande kile kile cha chuma cha mraba, ila vile vipengo vya pembeni havikai mahali pamoja na zikilazimishwa zinavunja pini. Angalia namba inayofuata baada ya i7: kwako wewe ianze na 4. Hata zile chache za kizazi cha 5 zilizotengenezwa kwa soketi hiyo hiyo, mazabodi yako haizitambui.

Sasa hizo herufi. i7-4790, bila herufi yoyote, ina viini vinne na nyuzi nane (kila kiini kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja), inaanzia gigahezi 3.6 na kupanda hadi 4.0, na imeandikiwa wati 84. 4790S ni silikoni ile ile, viini vinne na nyuzi nane, inapanda hadi 4.0 vilevile, ila inaanzia 3.2 na imewekewa kikomo cha wati 65. 4790T ina wati 45, inaanzia 2.7 na kufika 3.9. K ni ya wale wanaopenda kuongeza kasi kupita iliyotoka nayo kiwandani, wati 88, na kwenye mazabodi yako hilo haliwezekani, kwa hiyo utalipia herufi ambayo hutaitumia na kujiongezea joto. K iache hapo hapo ilipo.

Kati ya hizo, kwa kasha lako dogo na hali ya hewa ya Morogoro, ningechukua 4790S kama bei ni sawa. Dell wenyewe waliuza 9020 ndogo ikiwa na 4790 ya kawaida, kwa hiyo itafanya kazi, na pawa saplai yake ya wati 255 inaibeba bila shida mradi hujaongeza kadi ya picha. Lakini waliopima joto la mashine hizi wengi walikaa kwenye vyumba vya nyuzi joto 20. Chumba chako mchana kinafika 32, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka pia kwenye prosesa. Zikifika nyuzi 100 prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ukifika hapo 4790 yako inageuka 4790S bila wewe kuambiwa, ila kwa kelele zaidi.

Kuna i5-4590 nayo, usiidharau. Viini vinne bila zile nyuzi za ziada. Kwenye kurenda iko nyuma ya i7 kwa robo hivi, lakini kutoka kwenye i3 yako ni hatua kubwa, na mara nyingi bei yake ni nusu. Mteja akiniambia anarenda mara moja kwa wiki, nampa i5 na chenji anabaki nayo.

Na Xeon. Utaambiwa "chukua Xeon E3-1231 v3, ni i7 ile ile kwa bei ya chini". Ni kweli karibu ni ile ile, isipokuwa haina sehemu ya picha ndani yake. Wewe huna kadi ya picha. Utaiweka, utawasha, feni itazunguka, na kioo kitabaki cheusi mpaka asubuhi.

Umeme sasa. Zile wati zilizoandikwa si umeme unaolipia. Ni kiasi cha joto ambacho feni na hitisinki (kile chuma cha kupoozea) vinatakiwa viweze kuliondoa prosesa ikifanya kazi nzito kwa muda mrefu. Ukiwa unaandika barua au mashine imekaa tu inakuangalia, 4790 na 4790T zinakula karibu sawa, maana viini visivyo na kazi vinazimwa kimoja kimoja. Kwa hiyo anayenunua T akidhani atapunguza matumizi ya siku nzima, amenunua kikomo cha juu tu ambacho hakifikii mara nyingi.

Fundi wako hakukosea kila kitu, hata hivyo. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na gigahezi, lakini kwa upande wa volti unapanda kwa mraba: ongeza volti asilimia 10, matumizi yanaongezeka asilimia 21. Na kasi ikipanda, volti nazo lazima zipande. Ndiyo maana viini vinne vinavyokwenda mwendo wa wastani vinatoa kazi nyingi kwa kila wati kuliko viwili vinavyokimbizwa. Halafu kuna kile kipande cha mashine ambacho hakijali prosesa ni ipi, yaani mazabodi, SSD, ramu na feni, kinachokula umeme wake muda wote unaposubiri. Ukimaliza mapema, nacho kinapumzika mapema.

Tupige hesabu ya makadirio. Tuseme mashine nzima na i3 inavuta wati 70 wakati wa kurenda, na klipu inachukua saa moja: yuniti 0.07. Na i7 inavuta 110, lakini inamaliza kwa dakika 27: yuniti 0.05. Umeokoa yuniti 0.02. Ukirenda klipu kumi kwa wiki, mwezi mzima hujafikisha yuniti moja. Kwa mtu asiye kwenye kundi la matumizi madogo, yuniti ni kama shilingi 350. Chapati moja, na kwa baadhi ya mama ntilie hata hiyo haitoshi. Laki na nusu yako itarudi kwa njia ya LUKU wajukuu wakiwa wameoa.

Unataka kuokoa kweli? Mashine ya aina yako ikiachwa inawaka bila kazi inavuta wati 30 hivi. Ukiiacha usiku kwa muda wa saa kumi kila siku, ni yuniti 9 kwa mwezi, zaidi ya shilingi elfu tatu. Kuizima ni bure.

Sasa jambo ambalo fundi wako hakulitaja, na ndilo litakalokukwamisha: Baiosi, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine. i3-4130 ilitoka 2013. Familia ya 4790 ilitoka 2014, na mazabodi zilizotengenezwa kabla ya hapo hazizijui mpaka zipewe Baiosi mpya. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua 4790 kwa jamaa mmoja mjini, nikaiweka kwenye mashine ya mteja, kioo cheusi. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha, cheusi. Nikamrudia muuzaji nimevimba. Akaichukua bila neno, akaiweka kwenye mashine yake ya mezani, ikawaka ndani ya sekunde tano. Akanitazama tu. Baiosi ya mteja wangu ilikuwa ya 2013, na mimi ndiye niliyekuwa najiita mtaalamu.

Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, usome tarehe ya Baiosi. Ikiwa ni ya 2015 kuja mbele, huna shida. Ikiwa ni ya zamani, ingia tovuti ya Dell, ingiza ile namba ya herufi saba iliyobandikwa kwenye kasha, upakue Baiosi ya mwisho ya 9020, uifungue kama programu ya kawaida, mashine ijiwashe upya yenyewe. Yote hayo ufanye i3 ikiwa bado ndani, maana ukishaweka i7 na mashine haiwaki, hutakuwa na pa kufanyia. Na ufanye ukiwa na UPS, lile betri la kushikilia mashine umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya zile dakika chache, mazabodi inaweza kufa kabisa. Ukiona Baiosi inakataa katakata kusasishwa, tafuta i7-4770, ambayo ni ya 2013 kama i3 yako na haihitaji hiyo mpya. Tofauti ya kasi ni gigahezi 0.1 au 0.2, hutaihisi.

Siku ya kununua, nenda na miwani. Juu ya chuma pameandikwa jina kamili. Kwa 4790 utasoma i7-4790, chini yake SR1QF na 3.60GHZ. Ukikuta mahali pa jina pameandikwa INTEL CONFIDENTIAL, hiyo ni sampuli ya majaribio ambayo haikupaswa kuuzwa, kasi yake inaweza kuwa chini na Baiosi ya Dell inaweza kuikataa. Kisha igeuze prosesa. Kwa chini, katikati, kuna vijipande vidogo sana vilivyolehemiwa kwa safu. Kimoja kikiwa kimeng'oka, rudisha. Halafu mwambie aiwashe mbele yako kwenye mashine yoyote ya soketi hiyo. Muuzaji anayekataa kuiwasha amekujibu tayari.

Kuifunga si kazi kubwa, ni kazi ya utulivu. Washa mashine dakika kumi kwanza ili ile pesti ya zamani kati ya prosesa na hitisinki ilegee. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu kumaliza chaji iliyobaki. Fungua kasha, chomoa waya wa feni, legeza skrubu nne za hitisinki kwa mkingamo, kidogo kidogo. Usiivute hitisinki moja kwa moja juu, izungushe kushoto na kulia mpaka iachie. Kisha bana kile kishikizo cha pembeni ya soketi chini na nje, inua kifuniko, uitoe i3 kwa kuishika kingo.

Hapo simama. Kwenye soketi hii pini ziko kwenye mazabodi, zipo 1,150, nyembamba kuliko nywele za mtoto. Usiziguse, usizipulize kwa mdomo, usidondoshe kitu. Panga i7 ili vipengo viwili vya pembeni vikutane na vijino vya soketi na pembe tatu ya dhahabu ikae kwenye alama yake, kisha iachie ikae yenyewe. Haitakiwi kusukumwa. Funga kifuniko. Kishikizo kitakuwa kigumu na kitatoa mlio wa kukwaruza unaotisha, ni kawaida.

Futa pesti ya zamani kwenye hitisinki kwa spiriti kali na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya katikati ya prosesa, tone la ukubwa wa punje ya choroko. Naona mafundi wanapaka kama siagi kwenye mkate, halafu inamwagika kwenye soketi. Kaza skrubu nne kwa mkingamo tena, rudisha waya wa feni. Na wakati kasha liko wazi, toa lile vumbi kwenye mapezi ya hitisinki. Nakuhakikishia nusu ya kelele za feni yako inatoka hapo.

Ikiwaka, acha irende klipu ndefu ukiangalia joto kwa programu ya HWiNFO. Nyuzi 70 hadi 85 usiwaze. Ikigonga 95 ndani ya dakika mbili, hitisinki haijakaa sawa, irudie. Windows haitadai leseni upya, kwa kawaida inafungamana na mazabodi.

Jambo la mwisho la kuamua ni kiasi cha hela. Microsoft walisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai prosesa ya kizazi cha 8 kwa upande wa Intel pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hakuna i7 itakayoingia kwenye soketi yako itakayotimiza hilo. Kwa hiyo laki na nusu kwa mashine hii mimi naona ndiyo dari, na ningejitahidi kuishusha hadi laki na ishirini. Akikuambia laki mbili na nusu, achana naye, dunduliza uelekee kwenye zile kompyuta ndogo za mtumba zenye i5-8500T: viini sita, wati 35, zinafungua H.265 ya simu bila kutoka jasho, na zikikaa bila kazi zinavuta theluthi moja tu ya umeme unaovutwa na yako. Na hiyo 9020 yako, ukishamaliza na Windows 10, iwekee Linux Mint (mfumo wa kompyuta unaoshika nafasi ya Windows) na Kdenlive (programu ya kuediti video), vitakufaa.

Na ile i3 usimwachie fundi kama nyongeza ya bei. Ifunge kwenye karatasi ya foili, uiweke kwenye droo. Siku kioo kikiwa cheusi, ndiyo utakayoirudisha kujua kama tatizo ni prosesa au mazabodi.